Roboti, manamba na kesho yetu

KATIKA kipindi cha Maarifa ya Uislamu, kidato cha tatu, hapa Mbeya ninapofundisha, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akaniuliza: "Ustadh, hii akili mnemba ndiyo Dajjal mwenyewe?" Darasa halikucheka. Nilipowatazama nikatambua kuwa aliyeuliza ameuliza kwa niaba ya wengi.

Sikumjibu papo hapo. Niliwaomba wote wachukue karatasi, kila mmoja aandike kwa sentensi tatu akili mnemba inafanana vipi na itatufanyia nini. Nilipozikusanya karatasi na kuzisoma jioni, niliona wengi wao wameandika kitu kimoja: mtu wa chuma, macho mekundu, asiyekufa kwa risasi, atakayekuja kuwaua wanadamu au kuwatawala. Mmoja alimchora kabisa, na bunduki mkononi. Hakuna hata mmoja aliyeandika habari za programu iliyomo katika simu ya kaka yake, inayotunga barua na kutafsiri lugha. Na wapo miongoni mwao wanaoitumia programu hiyo kufanyia kazi za nyumbani ninazowapa, nami nawajua!

Nikajiuliza, picha hii vijana wetu wameitoa wapi? Haimo katika Qur'an. Haimo katika hadithi za Mtume (SAW). Haimo katika kitabu chao cha Fizikia wala cha Kompyuta. Imetoka katika filamu. Leo ningependa ndugu msomaji tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu hadithi za kubuni za kisayansi, ambazo wengi wetu tunazihesabu kuwa ni mchezo wa watoto, zimekuwa zikitufundisha namna ya kuifikiria kesho bila sisi kujua kuwa tumo darasani.

Darasa la kibanda umiza

Mimi nimekulia Iringa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya madrasa ya jioni, watoto wengi wa rika langu tulikuwa na madrasa ya pili, nayo ni kibanda umiza. Ilikuwa ni chumba kimoja cha giza, mabenchi, televisheni moja na deki ya video. Huko ndiko tulikoiona Terminator ya pili, iliyotoka mwaka 1991, Independence Day ya mwaka 1996 na The Matrix ya mwaka 1999.

Kiingereza hatukukijua. Baadaye zikaenea kanda zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi ambayo watu kama Lufufu wa Dar es Salaam walijipatia sifa kubwa kwayo. Lakini hata kabla ya kanda hizo, pale kwetu mwenye kibanda ndiye aliyekuwa mfasiri wetu. Alikuwa akisimama kando ya televisheni na kutueleza kinachoendelea, na kila mara aliongeza ya kwake: "Hii siyo filamu tu, Wamarekani wanavyo tayari vitu hivi, wanavificha." Nasi watoto wa madrasa tuliamini. Nani angetukanusha? Ustadh wetu hakuwahi kuingia kibandani, na mwalimu wa sayansi alikuwa anakimbizana na muhtasari wa mtihani.

Hapa ndipo lilipo tatizo la msingi. Madrasa ilitufundisha habari za umma zilizopita, shule ikatufundisha kanuni za kujibia maswali, lakini kuhusu kesho na vyombo vyake mwalimu wetu alikuwa mwenye kibanda. Leo vibanda vimepungua nguvu, filamu zimehamia kwenye simu, na mwenye kibanda amegeuka kuwa mtu wa sauti nzito katika video za mtandaoni. Mafunzo ni yale yale.

Hadithi hutangulia chombo

Si nia yangu kusema kuwa hadithi hizi zote ni upuuzi. Kwa hakika zina nguvu, na nguvu hiyo inaweza kuleta kheri. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alichapa hadithi ya watu waliorushwa kuelekea mwezini kwa mzinga mkubwa. Miongoni mwa walioathiriwa na hadithi zake alikuwa mwalimu wa hesabu wa Urusi aliyeitwa Konstantin Tsiolkovsky, mtu aliyekuwa na uziwi tangu utotoni. Mwalimu huyu hakuishia kustaajabu. Alichukua kalamu akapiga hesabu, akaona kuwa mzinga haufai kumpeleka binadamu angani, kinachofaa ni roketi. Mwaka 1903 akachapa hesabu zake, na elimu ya safari za anga ya leo bado inazitegemea.

Tuzingatie alichofanya. Aliipenda hadithi, akaichunguza, akaisahihisha. Sisi wengi wetu tunafanya jambo la kwanza tu, kisha tunaruka moja kwa moja hadi kwenye kuamini. Ilhali sisi ndio umma ulioamrishwa katika Surat Hujurat (49:6) kuipeleleza habari kabla ya kuifanyia kazi, ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Surat Bani Israil (17:36) tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Macho yatakayoulizwa ni pamoja na yale yaliyokuwa yakitazama filamu usiku kucha.

Kila chombo kipya kinapoingia katika jamii, picha yake huwa imeshafika kabla. Kama picha ni ya kutisha tutakiogopa chombo, na kama ni ya maajabu tutakiabudu. Katika hali zote mbili hatutauliza maswali yanayostahiki. Na mara nyingine kile chenye manufaa makubwa hakimo katika picha yoyote. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka uliofuata. Imebadilisha maisha ya mama muuza ndizi wa Tukuyu kuliko roketi yoyote. Katika filamu zote tulizozitazama kibandani hapakuwa na hata moja iliyotuonesha mkulima akipokea malipo ya viazi vyake akiwa shambani. Waliotunga filamu zile hawakuwa wakimfikiria mkulima huyo.

Hofu ya nani?

Sasa turudi kwa yule mtu wa chuma. Neno "roboti" lilianza kutumika katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapwa mwaka 1920. Limetokana na neno la Kicheki "robota", lenye maana ya kazi ya shuruti. Katika mchezo huo, kiwanda kinatengeneza watu bandia wa kufanya kazi zote, mwisho wake watu hao wanaasi na kuwamaliza wanadamu.

Ndugu msomaji, sisi wa Nyanda za Juu Kusini neno la namna hiyo tunalo. Tunalo neno "manamba". Wazee wetu kutoka Njombe, Mbeya, Songea na kwingineko waliandikishwa na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda kabisa chombo cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama SILABU. Mtu alitoka kwao akiwa na jina la baba na babu, akafika shambani akiwa namba. Huyo ndiye roboti katika maana ya asili ya neno.

Hivyo basi, hofu ya roboti anayeasi ni hofu ya bwana shamba. Ni hofu ya anayekula jasho la mwingine na kulala akiwaza, je, siku wakiamka? Mimi simlaumu Čapek kwa kuiandika, kwani aliiandika kama onyo kwa watu wake. Ninachosema ni kwamba sisi, wajukuu wa manamba, tumekaa kwenye mabenchi ya kibanda tukaazima hofu ya bwana shamba na kuifanya yetu. Tumejifunza kuuliza swali la bwana: "Chombo hiki kitatuasi?" Swali la mjukuu wa manamba lilipaswa kuwa: "Ni nani anayefanyishwa kazi hapa, na je, analipwa haki yake?"

Na swali hilo lina jibu karibu na sisi. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kuwa vijana wa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama iliyopewa kazi na kampuni ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi machafu yanayoeleza mauaji, mateso na unajisi wa watoto, na kuyawekea alama, ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Baadhi yao walieleza kuwa kazi hiyo iliwaumiza akili. Huyo ndiye mtu aliyejificha nyuma ya akili mnemba. Hana macho mekundu, labda wekundu wa kukosa usingizi. Anazungumza Kiswahili, na huenda ana mama anayesubiri fedha kwenye simu.

Mtume (SAW) amesimulia, katika hadithi qudsi iliyomo katika Sahih Bukhari, kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Allah (SW) mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kikamilifu, kisha asimpe ujira wake. Basi Uislamu una la kusema kuhusu akili mnemba, na wala hatuhitaji kumsubiri Dajjal ndipo tulisema.

Chanjo ya baba mdogo

Huenda mtu akasema, mwalimu, acha watoto wafurahi na filamu zao, zina madhara gani? Nitasimulia lililonipata, nami nalisimulia kwa uzito.

Julai 2021 nchi yetu ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua zoezi kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Baba yangu mdogo aliishi Kihesa, Iringa. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini na alikuwa na kisukari. Nilimpigia simu kumshauri aende akazungumze na daktari wake. Akanijibu: "Mwanangu, mle ndani mna chipu. Ukishachomwa wanakuona popote ulipo, na wakitaka wanakuzima." Nikamuuliza amelipata wapi hilo. Akasema vijana wa pale mtaani wamemwonesha video.

Nikaja kuiona video hiyo. Ilikuwa imeunganishwa vipande vya filamu, kimojawapo nilichokitazama mwenyewe kibandani nikiwa mtoto! Juu yake mtu alikuwa akisoma maneno kwa sauti ya kutisha, na katikati akachomeka aya.

Kusema kweli, hofu ya baba mdogo haikuanzia kwenye video hiyo. Wazee wetu walikua wakisikia habari za mumiani, watu waliosemekana kuwakamata raia na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa za wakubwa. Habari zile hazikuwa na ushahidi, lakini zilizaliwa katika zama ambazo mtawala alichukua ardhi, kodi na nguvu za watu bila kuwauliza. Mtu aliyewahi kunyonywa haoni ajabu akiambiwa kuwa wapo wanyonyaji. Filamu ilikuta shamba limeshalimwa, ikapanda mbegu yake.

Nilijaribu kumfahamisha. Nilimwambia kuwa kifaa cha kutoa taarifa ya mahali alipo mtu kinahitaji umeme na antena, na kwamba simu aliyoishika sikioni wakati ule ndiyo iliyokuwa ikijulisha kila dakika iko karibu na mnara gani. Alicheka. Hakwenda kuchanja, na wala hakwenda kumuuliza daktari. Miezi michache baadaye alishikwa na homa na kifua, akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Sisemi kuwa chanjo ingemzuilia ajali yake. Umri umo mikononi mwa Allah (SW), nami sikuambiwa na yeyote kwa hakika ni ugonjwa gani uliomchukua. Ninalosema ni dogo zaidi, lakini linanisumbua hadi leo. Mzee aliyesali sala tano msikitini, aliyekuwa hanunui hata mbuzi bila kumkagua meno, aliamua jambo la uhai wake kwa ushahidi wa filamu. Na mimi mpwa... la, mimi mwanawe, mwalimu mwenye shahada, nilikuwa nimekaa miaka yote nikifundisha vijana wa aina ile ile waliomwonesha video, bila kuwahi kuwafundisha namna ya kuipima habari ya namna hiyo. Kwa hiyo sehemu ya lawama nimejibebesha mwenyewe.

Ndoto iliyozaa ghala

Je, dawa ni kuwakataza vijana filamu na hadithi hizi? Sidhani. Zipo zenye uchafu wa kukatazwa, hilo halina mjadala. Lakini kuifikiria kesho si haramu. Tutazame Surat Yusuf (12:43-49). Mfalme aliota ndoto ya ng'ombe na masuke. Nabii Yusuf (AS), kwa elimu aliyopewa na Mola wake, hakuifasiri kwa kuwatisha watu tu kuwa njaa inakuja. Alitoa mpango: limeni miaka saba, mnachovuna kiacheni katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha itakuja miaka saba ya dhiki. Sisi wakulima wa mahindi tunaoujua ukali wa dumuzi tunaelewa thamani ya ushauri huo. Ndoto ikazaa ghala. Huo ndio mfano wa mtu anayeitazama kesho kwa faida ya watu.

Katika zama za karibu tunaye bibi wa Kiislamu wa Bengali, Rokeya Sakhawat Hossain. Mwaka 1905 alichapa hadithi fupi iitwayo Sultana's Dream. Humo wanawake wasomi wanaendesha nchi, wanapika kwa joto la jua, wanavuna maji mawinguni na kusafiri kwa vyombo vya angani. Wakati huo wasichana wengi wa Kiislamu wa huko walikuwa hawasomi. Mtu anaweza kubishana naye katika baadhi ya mawazo yake, lakini bibi huyu hakuishia kuota. Mwaka 1909 alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu huko Bhagalpur, na mwaka 1911 akaianzisha upya Calcutta. Ndoto yake ilizaa shule.

Na katika Kiswahili chetu, Mkenya Katama Mkangi alichapa riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anafika katika ulimwengu mwingine wenye uadilifu. Ukilikata jina la kitabu hicho utapata maneno matatu: wale ni sisi. Yaani hata anapotupeleka angani, mwandishi anatutaka tujitazame wenyewe. Hadithi za namna hii tunazo chache mno, na vijana wetu wengi hawajawahi kuzisikia.

Nilivyomjibu mwanafunzi wangu

Kipindi kilichofuata nilimjibu yule kijana mbele ya wenzake. Nilimwambia mambo matatu.

Kwanza, Dajjal ameelezwa katika hadithi sahihi kuwa ni mtu, mwenye kasoro ya jicho. Anayesema kuwa Dajjal ni mashine, ni televisheni au ni mtandao, anazungumza juu ya ghaibu bila dalili, na katika Surat Naml (27:65) tumefundishwa kuwa ghaibu haijui yeyote wa mbinguni wala ardhini ila Allah. Mtunga filamu naye haijui kesho. Anakisia, na anauza makisio yake.

Pili, chombo chochote tukiulize maswali manne kabla hatujakiogopa wala kukishangilia. Kinafanyaje kazi? Nani amekitengeneza na nani ananufaika? Nani anaumia? Na kina hukumu gani mbele ya sheria ya Allah? Maswali mawili ya mwanzo tutayajibu kwa kumuuliza mwalimu wa kompyuta na kwa kusoma, si kwa kuota. Hapa Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, tena kina vijana wa Kiislamu. Kwa nini misikiti yetu isiwaalike wakatufahamisha siku moja baada ya sala ya Isha?

Tatu, nikawapa kazi. Kila mmoja aandike hadithi ya kurasa mbili kuhusu Mbeya au Iringa miaka thelathini ijayo, na katika hadithi hiyo awepo chombo kipya na awepo mnyonge anayenufaika au kudhulumiwa nacho. Zilipokuja, wapo walioleta tena mtu wa chuma. Lakini msichana mmoja aliandika juu ya bibi yake wa Uyole mwenye kifaa kidogo kinachosoma ugonjwa kwenye majani ya viazi na kumwambia kwa Kisafwa dawa ya kutumia. Kisha katika ukurasa wa pili kampuni yenye kifaa hicho inaanza kumtoza fedha kwa kila jani, na bibi analazimika kuuza nusu ya shamba. Msichana huyu alimaliza kwa kuuliza ni nani aliyewapa kampuni haki ya kumiliki ujuzi waliochukua mashambani kwa akina bibi wenyewe. Niliisoma hadithi hiyo mbele ya darasa mara mbili. Yule kijana aliyeniuliza kuhusu Dajjal ndiye aliyeanza kubishana, akitaka kujua kwa nini akina bibi wasiunde ushirika wao wakamiliki kifaa.

Ndugu zangu, Mtume wetu (SAW) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad kutoka kwa Anas (RA), kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi na aupande. Huo ndio mtazamo wa Muislamu kuhusu kesho, hata kesho iliyo ya mwisho kabisa. Wazazi, walimu na maimamu tukae na vijana wetu, tuwaulize wameona nini katika simu zao wiki hii, kisha tuwaulize mche wao uko wapi.

Wabillahi tawfiq.